Tumbo ni Mahali, si Jina la Ugonjwa

Mwanafunzi anapokosa kufika shuleni, iwe ni Mtongwe, Mjambere au Chaani, na kesho yake akaulizwa na mwalimu alikokuwa, jibu moja huyamaliza mashauri kabla hayajaanza: alikuwa anaumwa na tumbo. Mwalimu hutikisa kichwa, hutia alama katika daftari la mahudhurio, na somo likaendelea. Mwalimu naye akishindwa kuingia darasani, ujumbe anaompelekea mkuu wa shule aghalabu huwa ni uo huo. Ni jibu jepesi kulitoa na zito kulipinga, kwani ni nani awezaye kuchungulia ndani ya tumbo la mwenzake? Lakini ukilipima jibu hilo kwa makini utaona kwamba halijaeleza kitu. Limetaja mahali penye maumivu tu, likanyamaza kuhusu maumivu yenyewe.

Tumbo ni mahali, si jina la ugonjwa. Anayemwambia daktari kwamba anaumwa na tumbo, kisha akanyamaza, hana tofauti na mgeni anayempigia simu jamaa yake amtake aje kumpokea Kisauni, bila ya kusema kama yuko Bamburi, Junda, Magogoni, Mtopanga au Shanzu. Jamaa huyo atazunguka mchana kutwa. Tofauti ni kwamba aliyepotea Kisauni hatimaye atafika nyumbani, ilhali aliyepotea katika matibabu huenda asifike. Jina la ugonjwa likikosewa, dawa nayo hukosewa. Na muda wote mgonjwa anapotumia dawa isiyo yake, ugonjwa wake halisi unazidi kuota mizizi.

Si kwamba Kiswahili kina uhaba wa maneno. Lugha yetu ina kuvimbiwa, kiungulia, kichefuchefu, msokoto wa tumbo, riahi, kufunga choo, kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo, kipindupindu, bawasiri na safura. Kila neno kati ya hayo lina maana yake na dalili zake. Ajabu ni kwamba siku hizi utajiri huo umemezwa na majina manne tu. Mtu akihisi lolote kati ya kifua na nyonga, atasema ana gesi, ana vidonda, ana amiba au ana taifodi. Naye atajichagulia jina kwa kufuata lile la jirani yake, kisha aende kwenye duka la dawa akanunue alichonunua jirani huyo. Makala haya yanakusudia kuyarudisha majina hayo mahali pake, kwa manufaa ya wale wanaofundisha na wale wanaofundishwa katika mitaa yetu ya bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe.

Yafaa tuanze na njia chakula kinayoipitia. Kazi ya kusaga huanzia kinywani, ambako meno huvunja chakula na mate huanza kuuyeyusha wanga. Kutoka hapo tonge hushuka katika umio, bomba la misuli lenye urefu wa takriban sentimita 25. Mwisho wa umio pana kilango cha misuli ambacho hufunguka kupitisha tonge, kisha hujifunga ili vilivyomo tumboni visirudi juu. Tumbo lenyewe, kwa maana ya mfuko wa chakula, hutoa asidi kali inayosaidia kuvunja protini na kuua vijidudu vingi, na kuta zake hukingwa na ute mzito zisiunguzwe na asidi hiyo. Mlo wa kawaida hukaa humo saa 2 hadi 4, na ulio na mafuta mengi hukawia zaidi. Baadaye chakula huingia katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita 6 kwa mtu mzima, ambako nyongo inayotengenezwa na ini na vimeng'enya vya kongosho hukamilisha usagaji, na virutubishi hufyonzwa viingie damuni. Mabaki hupelekwa katika utumbo mpana, ambao hunyonya maji na ndio maskani ya bakteria wengi wanaochachusha kile ambacho miili yetu haikuweza kukisaga. Kila kituo cha safari hii kina hitilafu zake, na hitilafu ya kituo kimoja haitibiwi kwa dawa ya kituo kingine.

Tuchukue kuvimbiwa, ambako ndiko kunakojulikana zaidi. Mtu aliyevimbiwa huhisi tumbo limejaa na limekuwa zito baada ya kula, au hushiba upesi mno kabla ya sahani kuisha, au huona maumivu na moto sehemu ya juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua. Kiungulia ni jambo jingine, ijapokuwa mara nyingi huandamana na hilo la kwanza. Kiungulia ni moto unaopanda kutoka chini ya kifua kuelekea kooni, wakati mwingine ukileta maji machachu mdomoni. Huo moto ni asidi ya tumbo iliyopenya kile kilango na kuuunguza umio, ambao haukujaliwa ute mzito kama wa tumbo.

Mazoea yetu ya kila siku huchangia pakubwa. Mfanyakazi wa bandarini hutoka Changamwe alfajiri bila ya kula kitu, akaupitisha mchana kwa chai na sigara, kisha akarudi usiku na njaa ya kutwa nzima. Hukuta wali wa nazi na samaki wa kukaanga, akala kwa haraka hadi akatosheka, na hapo hapo akajilaza. Tumbo lililojaa limelazwa ubavu, mafuta yamelizuia lisijimwage upesi, na sigara imekilegeza kilango cha umio. Asidi itaacha vipi kupanda? Mwezi wa Ramadhani nao hutupa fundisho lilo hilo. Kufunga kwenyewe hakumdhuru mtu mwenye afya njema. Kinachomlemea ni kufuturu kwa bhajia, sambusa na viazi karai vilivyolowa mafuta, kula tena chakula kizito usiku, kisha kula daku na kulala juu yake.

Dawa ya kwanza ya hali hizi haiuzwi dukani. Ni kula kwa kiasi na kwa utulivu, kupunguza vyakula vya kukaanga, kuacha sigara na pombe, kutojikaza mshipi kiunoni, na kuacha saa 2 au 3 zipite baina ya mlo wa mwisho na kulala. Anayesumbuliwa usiku na ainue upande wa kichwani wa kitanda chake. Vidonge na maji ya kupunguza asidi husaidia kwa muda, ila mtumiaji ajue kwamba vyenye magnesiamu huweza kumharisha na vyenye aluminiamu huweza kumfunga choo. Mwenye shinikizo la damu asizoee kunywa magadi ya keki, kwa kuwa yamejaa sodiamu. Maziwa, ambayo wengi huyanywa kama dawa, hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi.

Gesi nayo si ugonjwa kwa wengi wetu. Mbaazi na maharagwe yana aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, kwa hiyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na bakteria wa huko huzichachusha na kutoa hewa. Kuziloweka mbaazi usiku kucha na kuyamwaga maji yake kabla ya kupika hupunguza adha hiyo. Hali kadhalika, watu wazima wengi wa Afrika hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa wanapopita utoto. Mtu wa namna hiyo akinywa maziwa mengi, tumbo lake hunguruma na kuhara. Huyo haumwi. Apunguze maziwa, au anywe maziwa mala, ambayo sukari yake imekwisha kupunguzwa na bakteria wa kuchachusha.

Sasa tuingie katika lile jina linalotumiwa vibaya kuliko yote, yaani vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliamini kwamba vidonda huletwa na wasiwasi na vyakula vikali. Mambo yalibadilika mjini Perth, Australia, ambako mwanapatholojia Robin Warren na daktari kijana Barry Marshall waliona bakteria waliojipinda katika vipande vya tumbo la wagonjwa. Mwaka 1982 walifaulu kuwaotesha bakteria hao maabarani, baada ya vyombo kuachwa siku kadhaa zaidi wakati wa likizo ya Pasaka. Wataalamu wengi waliwapuuza. Mwaka 1984 Marshall akachukua hatua ya kushangaza: alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao, na baada ya siku chache akapatwa na uvimbe wa kuta za tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Leo bakteria huyo, aitwaye Helicobacter pylori, anajulikana kuwa chanzo kimojawapo kikuu cha vidonda, na katika nchi zetu huambukizwa watu wengi tangu utotoni, ingawa si kila aliye naye hupata kidonda.

Kwa hiyo pilipili ilishtakiwa kwa kosa ambalo si lake. Pilipili ya kwenye muhogo wa kukaanga au achari ya maembe inaweza kumchoma mwenye kidonda, lakini haikukileta kidonda hicho. Mshtakiwa wa pili wa kweli ni dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Dawa hizi huudhoofisha ule ute unaozikinga kuta za tumbo, na azitumiaye mara kwa mara hujitengenezea kidonda mwenyewe. Hapa ndipo jina baya linapozaa balaa. Mtu huumwa na tumbo, akaona kwamba maumivu ni maumivu, akameza kidonge alichopewa kwa ajili ya mgongo au meno. Kwa saa chache huona nafuu, ilhali kidonda kinazidi kuchimbika. Siku moja hutapika damu, au hupata choo cheusi mithili ya lami, na hapo ndipo jamaa huanza kutafuta gari.

Mwenye shaka ya vidonda na aende kupimwa. Bakteria huyo huweza kugunduliwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi, ama kwa kamera nyembamba inayopitishwa kooni. Akithibitishwa, hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa ya kupunguza asidi na antibiotiki, kwa kawaida kwa siku 14. Anayeziacha dawa hizo siku ya 5 kwa sababu maumivu yametulia humpa bakteria nafasi ya kuwa sugu, na atakaporudi dawa zile zile huenda zisimfae tena.

Tushuke hadi utumbo mpana. Kufunga choo ni kupata choo kigumu, kwa taabu, au kwa nadra kuliko kawaida ya mtu. Historia ya jambo hili ina sura ya Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, alitambua kwamba wanavijiji waliokula vyakula vyenye makapi mengi hawakusumbuliwa sana na kufunga choo, bawasiri na uvimbe wa kidole tumbo, maradhi yaliyokuwa ya kawaida huko Ulaya. Katika miaka ya 1970 aliieneza hoja hiyo ulimwenguni, na ijapokuwa wataalamu wameirekebisha hapa na pale, kiini chake kimesimama: makapi ya nafaka zisizokobolewa, kunde, mboga na matunda hulainisha choo na kukiharakisha. Sisi tuliokuwa mfano wa Burkitt tumegeuka. Asubuhi ni mahamri au mkate mweupe, mchana chipsi, usiku ugali wa unga mweupe uliokobolewa. Mchicha na kisamvu vimekuwa chakula cha kusingizia.

Kuna sababu mbili nyingine ambazo hazisemwi. Ya kwanza ni muguka na miraa, ambazo zina kemikali zinazokausha na kukaza, na zinazoondoa hamu ya chakula. Gavana wa Mombasa alipoupiga marufuku muguka mwezi Mei 2024, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo, mabishano yalihusu zaidi mustakabali wa vijana na mapato ya wakulima. Yafaa vijana wajue pia kwamba mtafunaji wa kila siku hukosa chakula, hukosa choo na hukosa usingizi, na kwamba bawasiri haina heshima kwa umri.

Sababu ya pili iko shuleni mwetu. Miongozo ya afya ya shule nchini Kenya inapendekeza choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Mwalimu anayesoma makala haya na ahesabu vyoo vya shule yake, kisha agawanye. Pale ambapo vyoo ni vichache, vichafu, au havina mlango wala maji, mtoto hujizuia kuanzia saa moja asubuhi hadi alasiri, na ili asishikwe na haja hukataa hata kunywa maji. Choo kilichozuiliwa hunyonywa maji na utumbo, kikawa kigumu kama jiwe. Kesho kutwa kinamuumiza, naye anazidi kukiogopa. Mtoto huyo ataandikwa katika daftari kuwa aliumwa na tumbo, na atapewa dawa ya minyoo, ilhali dawa yake ilikuwa ni mlango wa choo na ndoo ya maji.

Kinyume cha kufunga choo ni kuhara, na hapa maji ndiyo shahidi mkuu. Mombasa hunywa maji yanayotoka nje ya mipaka yake: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Maji hayo hayatutoshi, na bomba likikauka watu hugeukia visima vya mitaani na mikokoteni ya wauza maji. Papo hapo, sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni haina mfumo wa mabomba ya maji taka. Watu hutegemea vyoo vya shimo na mashimo ya kuhifadhia uchafu. Ardhi yetu ni mchanga na mwamba wa matumbawe, ambao hupitisha maji kwa urahisi. Kisima na choo vikichimbwa katika kiwanja kimoja kidogo, kinachoingia katika kimoja hatimaye hufika katika kingine, hasa wakati wa masika. Maji ya kisima huweza kuwa meupe machoni na yakawa machafu kwa vijidudu. Ndiyo maana kipindupindu, kilichoingia Kenya mwaka 1971, kimekuwa kikirudi, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliandamana na mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo nchini.

Kinachoua katika kuhara, aghalabu, ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo kumnyima maji mtoto anayehara, kwa hoja kwamba yatazidi kumharisha, ni kosa la kufisha. Mpeni maji ya chumvichumvi yanayopatikana kwa pakiti katika zahanati na maduka ya dawa. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu bila ya kilima, ukoroge na kumnywesha kidogo kidogo. Chumvi ikizidi hudhuru, basi pima kwa uangalifu. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Mtoto wa miezi 6 au zaidi hupewa pia vidonge vya zinki vya miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya hapo miligramu 10. Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo ni chanzo kikubwa cha kuhara kwa watoto wachanga, ilianza kutolewa Kenya mwezi Julai 2014, na mzazi asiipuuze. Lakini kuhara maji mengi meupe kama maji ya mchele, au kuhara damu, si kazi ya nyumbani. Huyo apelekwe hospitali huku akinyweshwa njiani.

Tukija kwenye taifodi, yaani homa ya matumbo, huu ni ugonjwa wa kweli na wa hatari. Huanza na homa inayopanda siku hadi siku, maumivu ya kichwa na udhaifu, na si lazima mgonjwa ahare. Tatizo ni kipimo. Wengi huambiwa wana taifodi baada ya kupimwa damu kwa njia ya Widal, iliyobuniwa mwaka 1896. Kipimo hicho hutafuta alama za kinga mwilini, na alama hizo huweza kuwapo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au hata ya vijidudu vingine. Ndiyo maana mtu huyo huyo huweza kuambiwa ana taifodi mara 3 kwa mwaka, akamezeshwa antibiotiki kila mara, na tumbo lake lisipone. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka katika damu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza alipimwa kwa njia gani. Tangu Julai 2025 Kenya imekuwa na chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Minyoo nayo ina mpango wake: dawa zinazotolewa mashuleni chini ya mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2009. Mwalimu awahimize wazazi wasiwazuie watoto siku ya dawa hizo.

Baada ya kuyapanga majina hayo, imebaki orodha moja ambayo ningependa kila darasa liijue kama linavyojua jedwali la kuzidisha. Mtu asijitibu bali aende hospitali upesi ikiwa anatapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Ikiwa chakula kinamkwama kooni. Ikiwa anapungua uzito bila ya sababu. Ikiwa anatapika bila kukoma. Ikiwa maumivu yameanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia. Ikiwa tumbo limekuwa gumu kama ubao. Au ikiwa kuvimbiwa kumemwanza kwa mara ya kwanza akiwa mtu wa makamo. Kukwama kwa chakula kusichukuliwe kwa mzaha, kwa kuwa kansa ya umio ni miongoni mwa kansa zinazoua watu wengi nchini Kenya, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vikachangia kansa hiyo. Chai yetu na ipoe kidogo. Tena, maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo yanayoandamana na jasho jembamba, kuhema, au uzito unaoenea mkononi na taya, huweza kuwa ni moyo unaoshindwa kupata damu, ukajifanya kuwa kiungulia. Mkazi wa Likoni anajua maana ya kutafuta kivuko usiku wa manane ili kufika hospitali ya Coast General kule kisiwani. Aziangalie dalili hizi mchana, aanzie katika hospitali ya Likoni iliyo karibu naye, kama vile wa Changamwe awezavyo kuanzia Port Reitz, ili rufaa ikihitajika iandikwe mapema.

Mwalimu si daktari, wala hatakiwi kuwa. Lakini mwalimu ana uwezo ambao daktari hana: humwona mtoto kila siku. Mwanafunzi akisema anaumwa na tumbo, na aulizwe maswali manne. Maumivu yako wapi hasa, juu, chini, kulia au kushoto? Yalianza lini, na huja wakati gani, kabla ya kula au baadaye? Yanaandamana na nini, homa, kutapika, kuhara au kukosa choo? Na ulikula, ulikunywa au ulimeza dawa gani? Majibu yaandikwe katika kipande cha karatasi, mtoto aende nacho zahanati. Karatasi hiyo itamwokolea daktari muda, na pengine itamwokoa mtoto. Mwalimu ataona pia mambo yasiyohusu dawa: kwamba huyu maumivu yake humjia kila Jumatatu ya mtihani, na kwamba yule huumwa saa nne kwa sababu hajala tangu jana mchana. Tumbo lenye njaa nalo huuma, na tiba yake ni chakula.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Wajifunze kuyataja maumivu yao bila ya haya, kwani wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuna aibu katika neno kuhara, wala katika neno bawasiri. Maneno hayo yamo katika Kiswahili ili yatumiwe, na mgonjwa anayeyatumia sawasawa amekwisha kumpa daktari nusu ya kazi. Somo hili halihitaji maabara wala kitabu kipya. Linahitaji mwalimu ambaye, kabla ya kutia alama katika daftari lake, atauliza swali moja zaidi.